Kutoka Shule ya Tanga hadi Union

Anayetoka Songea kwenda Dubai hupita vituo vingi kabla hajafika kile cha chini ya ardhi. Nitavisimulia kwa mfuatano wa njia, kwa sababu kituo cha mwisho huwezi kukielewa sawasawa kama umesahau cha kwanza. Safari hii imenithibitishia jambo moja ambalo nataka wenzangu wa Ruvuma walifikirie mapema, kabla mji wetu haujafungwa na kuta: uzuri wa kituo haupimwi kwa vioo, kwa urefu wa jengo wala kwa kina cha shimo lake. Unapimwa kwa hatua ambazo abiria anatembea, akiwa na mzigo wake, kati ya chombo alichoshuka na chombo anachokwenda kupanda. Hatua zikiwa chache, kituo kimefanya kazi yake. Zikiwa kilomita, hata jengo liwe la marumaru, kazi ile amebebeshwa abiria aifanye mwenyewe kwa miguu, kwa bajaji na kwa fedha zake.

Safari inaanzia stendi kuu ya mabasi ya Songea, eneo la Shule ya Tanga, kwenye barabara ya Njombe. Ni stendi ya kisasa, yenye nafasi ya kutosha kwa mabasi makubwa, na imeondoa msongamano uliokuwa ukiukaba mji. Lakini iko nje ya mji. Soko kuu limebaki katikati. Uwanja wa ndege uko Ruhuwiko. Ofisi nyingi, benki na hospitali ya mkoa viko mahali pengine tena. Mkulima anayekuja na gunia la maharage kutoka vijijini, au mama anayepeleka mchele kwa mwanawe anayesoma Dar es Salaam, analipa nauli ya kwanza kufika mjini na nauli ya pili kufika stendi, na nauli hiyo ya pili, ukiihesabu kwa kilomita, mara nyingi ni ghali kuliko ya basi litakalompeleka mamia ya kilomita. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 280,000 katika Manispaa ya Songea. Huo si mji mdogo tena, ingawa bado ni mji unaopangika. Ndiyo maana nauweka mwanzo wa hoja hii badala ya kuutaja kama mahali pa kuagana tu.

Kutoka Songea hadi Makambako ni karibu kilomita 300 za lami, kupitia Njombe, barabara yenye milima na kona zinazodai dereva makini. Makambako ndiko reli iliyo karibu zaidi na Songea kwa barabara hii: stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Anayetaka kuona kazi ya kutoboa ardhi nchini mwetu hana haja ya kwenda Ulaya. Kati ya Mlimba na Makambako reli hiyo inapanda ukingo wa nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki mfululizo, na sehemu kubwa ya mahandaki yake iko kwenye kipande hicho. Hata hivyo mabasi ya Songea yanaipita Makambako bila kuiuliza stesheni chochote. Hakuna ratiba ya basi iliyofungwa kwenye ratiba ya treni, wala tiketi moja ya vyombo viwili. Reli na barabara zinakutana katika mji mmoja na kila moja inaendelea na safari yake.

Utengano huo una historia ndefu, na ipo hata ndani ya reli zenyewe. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067, na reli mpya ya SGR milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Ilibidi mwaka 1998 kufunguliwe kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, mahali ambapo tawi la Reli ya Kati linakutana na TAZARA, ili mzigo ushushwe huku na kupakiwa kule. Kidatu ni somo kubwa kwa mtu anayefikiria vituo. Watu wa reli walikubali ukweli kwamba vyombo viwili visivyofanana vitakutana, wakajenga mahali pa kukutanishia. Mahindi na saruji vilipata kituo chao cha kuunganishia. Abiria wa nchi hii, kwa sehemu kubwa, bado anakisubiri.

Dar es Salaam inaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Basi la mikoani linaishia Mbezi Luis, kwenye kituo kikubwa cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021. Stesheni kuu ya SGR, ile yenye umbo la jiwe la Tanzanite, iko katikati ya jiji, kama kilomita 20 kutoka Mbezi. Stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere. Uwanja wa ndege uko mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo. Milango minne mikuu ya jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na hakuna miwili iliyo chini ya paa moja. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 yamejaribu kuwa uzi wa kuishona milango hii, na pale Gerezani yamefika jirani na stesheni ya SGR, jambo linalostahili sifa. Lakini njia maalumu ya awamu ile ya kwanza inaishia Kimara, kabla ya Mbezi, na abiria wa mkoani mwenye kiroba na ndoo hakuwa ndiye aliyefikiriwa milango ya mabasi yale ilipochorwa.

Naisifu SGR bila kusita. Treni za abiria zilianza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zikafika Dodoma mwezi uliofuata, na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti 2024. Ni treni za umeme zenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Zimetobolewa mahandaki manne upande wa Kilosa, na ndani ya Dar es Salaam zimepandishwa juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita mbili ili zisikatane na barabara za jiji. Wahandisi walikuwa na uamuzi wa kufanya, juu au chini, wakachagua juu, na kwa jiji lenye ardhi ya mchanga na maji karibu, lenye bajeti ya kubana, naona walichagua vema. Lakini ukishuka Dodoma, stesheni iko Mkonze na stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, upande mwingine wa jiji. Anayekwenda Singida au Kondoa anavuka makao makuu ya nchi ili abadili gari. Saa alizookolewa na treni anaanza kuzirudisha barabarani.

Kwa anayekwenda ng'ambo, baada ya Dar es Salaam ndipo ndege, na Dubai. Wafanyabiashara wa Kariakoo na hata wa Songea wanaijua Deira, eneo la biashara la Dubai, kuliko wanavyojua mitaa mingi ya Tanzania: simu, vipuri, nguo na manukato huanzia kule. Ukitoka kwenye jengo la abiria namba 3 la uwanja wa ndege, kituo cha treni kipo papo hapo. Unanunua kadi inayoitwa Nol, unapita kwenye geti, unapanda treni isiyo na dereva. Hiyo ni njia nyekundu, iliyofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Mwanzoni inakwenda juu, juu ya nguzo, ukiona barabara na paa za maduka. Kisha, kabla ya kufika Union, inazama. Union ni kituo cha chini ya ardhi katikati ya Deira, chenye eneo la karibu mita za mraba 25,000, na ni miongoni mwa vituo vikubwa vya aina hiyo duniani. Njia nyekundu inakutana hapo na njia ya kijani, iliyofunguliwa mwaka 2011.

Nilikiangalia kituo hicho kwa makini kwa sababu ya swali langu la hatua. Kati ya jukwaa na reli kuna ukuta wa kioo wenye milango, na milango hiyo haifunguki mpaka treni isimame mbele yake. Kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kuanguka relini, na hewa ya baridi haipotei kwenye handaki. Anayebadili njia hatoki nje. Anafuata rangi kwenye alama, anapanda au anashuka ngazi za umeme, na mara anasimama kwenye jukwaa jingine, akiwa na kadi ile ile, bila kununua tiketi ya pili. Juu ya kituo, kwenye uwanja, kuna kituo cha mabasi, yakiwemo yaendayo Sharjah. Teksi zinasubiri hapo hapo. Maduka, nyumba za wageni na maofisi ya kusafirisha mizigo viko umbali wa kutembea. Nauli ya daraja la kawaida ni kati ya dirhamu 3 na 7.5 kulingana na umbali, kiwango ambacho kibarua kutoka Bangladesh au Uganda anakimudu. Marumaru za Union ni nzuri, taa zake ni nzuri. Nikivitoa vyote hivyo na kubakiza ile hali ya treni mbili, basi na teksi kukutana sehemu moja, kituo kingebaki na karibu thamani yake yote. Nikifanya kinyume, nikabakiza marumaru na kuitupa njia ya kijani kilomita kumi kutoka hapo, ningebaki na jengo la kupigia picha.

Historia inaliunga mkono jambo hili kuliko nilivyotarajia. Reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, ikiendeshwa kwa mvuke. Kwa nini Waingereza walichimba? Miaka kumi na saba kabla, mwaka 1846, tume ya kifalme ilikuwa imezikataza kampuni za reli kuingiza stesheni zao katikati ya jiji. Kila kampuni ikajenga stesheni yake pembeni, moja huku, nyingine kule, na maelfu ya abiria wakawa wanashuka pembeni na kuingia mjini kwa mikokoteni ya farasi iliyozijaza barabara. Handaki lile la mwaka 1863 lilipita Paddington, Euston na King's Cross ili kuziunganisha stesheni hizo na kitovu cha biashara. Reli ya chini ya ardhi, basi, ilizaliwa kurekebisha uamuzi wa kutenganisha stesheni. Kila anayeishangaa London leo anashangaa pia gharama ya kuchelewa kuunganisha.

Najua jibu litakalokuja haraka: Dubai ina fedha za mafuta na bandari, Songea ina mahindi na kahawa ya Mbinga, na kuzungumzia vituo vya chini ya ardhi kwa watu wanaosubiri maji ya bomba ni kupoteza muda. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama ningeomba shimo. Siombi shimo; naomba eneo la kuunganishia vyombo litengwe mapema. Tena Dubai yenyewe, pamoja na utajiri wake, haikuchimba kila mahali. Sehemu kubwa ya njia nyekundu inakwenda juu ya nguzo kando ya barabara kuu ya Sheikh Zayed. Ilichimbwa Deira na Bur Dubai, mitaa ya kale iliyobanana, ambako nyumba na maduka vilikuwa vimekwisha kukaa na kulikuwa na mkono wa bahari wa kupita chini yake. Mahali penye ardhi wazi, tajiri huyo hakuchimba. Kuchimba ni bei ambayo mji hulipa pale nafasi ya juu ilipokwisha. Songea haijafikia hapo. Umaskini wetu, katika suala hili, ni sababu ya kupanga mapema, kwa kuwa hatutakuwa na fedha za kurekebisha baadaye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoijua historia ya kusini. Wanasema reli haitafika Songea. Wana haki ya kusema hivyo. Wajerumani waliifikiria reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, wakaondoka bila kuijenga. Waingereza walijenga reli ya Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, mradi ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisha ikang'olewa. Sasa kuna mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kupitia Songea, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, kwa jumla karibu kilomita 1,000, na kwa miaka mingi umetajwa kwenye bajeti na kwenye mikutano ya kutafuta wawekezaji. Makaa ya mawe ya Ngaka yanakwenda bandarini Mtwara kwa malori, na malori hayo yanaichakaza barabara ambayo kila mtu anaitumia. Sababu ya reli ipo. Tarehe ya reli haipo.

Lakini hoja yangu haitegemei tarehe hiyo. Eneo lililotengwa kwa ajili ya kuunganisha vyombo vya usafiri halikai bure likisubiri treni. Linaweza kuwa na kituo cha daladala, soko la jumla la mazao, maegesho ya bodaboda na bajaji, maghala, na vyoo vya kulipia, yote yakiingizia halmashauri mapato tangu mwaka wa kwanza. Treni ikija, inakuta mlango. Isipokuja, mji umepata kitovu cha usafiri wa barabara. Hasara iko kwenye kutotenga. Mwaka 2017, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na maumivu ya familia zile yanajulikana nchi nzima. Ubomoaji ule ulikuwa matokeo ya miaka mingi ya kuacha watu wajenge mahali ambapo siku moja barabara ingedai nafasi yake. Kila kiwanja kinachouzwa leo pembezoni mwa Songea, mahali ambapo mkuza wa reli unaweza kupita, ni kesi ya fidia inayosubiri.

Wapo pia watakaosema kwamba stendi ya nje ya mji ni sera sahihi, kwamba mabasi makubwa hayana nafasi katikati ya mji, na kwamba bajaji na bodaboda zinaishi kwa umbali huo. Sehemu ya kwanza naikubali. Basi la kwenda Dar es Salaam halina sababu ya kupita mbele ya soko. Lakini kuliondoa basi hakumwondoi abiria. Watu waliokuwa ndani yake wanaingia mjini wakiwa wamegawanyika kwenye vyombo vidogo vingi, na msongamano unabadilika sura tu. Kuhusu bajaji, kijana anayeendesha moja Songea anastahili kufikiriwa kwa uzito, kwa kuwa ni riziki ya nyumba nzima. Kituo kinachounganisha hakimnyimi kazi. Pale Union teksi hazikutoweka treni zilipoanza. Zimepata mahali ambapo abiria wanamiminika mchana kutwa, na safari fupi nyingi hulipa kuliko safari ndefu moja ya kurudi tupu.

Kuna jambo moja ambalo tusiige Dubai hata kidogo. Kule abiria anaruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo, basi. Union kimejengwa kwa mtu asiye na mizigo mingi. Mfanyabiashara wetu anayekwenda Deira ananunua bidhaa na kuzikabidhi kwa wasafirishaji, yeye anarudi hotelini na mkoba. Songea haiko hivyo. Hapa safari na biashara ni kitu kimoja. Abiria wetu anabeba unga, maharage, ndizi, jogoo, godoro. Kituo chetu kinapaswa kuwa na mteremko wa mkokoteni mahali ambapo wenzetu wameweka ngazi za umeme, milango mipana, sehemu ya kupimia na kuhifadhi mizigo, kivuli cha kusubiria, na wapagazi wanaotambulika kwa sare na bei iliyobandikwa. Mchoro unaoletwa kutoka nje bila gunia ndani yake ni mchoro wa mji mwingine. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndipo wasanifu wengi wa majengo ya umma wanapokosea: wanachora abiria aliyeshika simu, na abiria halisi ameshika ndoo.

Namaliza kwa ombi kwa madiwani wa Manispaa ya Songea na kwa maofisa wa mipango miji. Kaeni na watu wa Shirika la Reli, wa barabara na wa viwanja vya ndege kabla mradi wa Mtwara hadi Mbamba Bay haujapata mkandarasi. Ulizeni mkuza utapita wapi, wekeni mawe ya mipaka, na mtenge kando yake eneo moja la stesheni, daladala na soko la jumla, lenye barabara pana ya moja kwa moja hadi Shule ya Tanga na Ruhuwiko. Liandikeni kwenye mpango kabambe wa mji na msilikate viwanja. Gharama yake leo ni upimaji, mawe ya mipaka na fidia ya mashamba machache ya mahindi.